Virutubisho vya Wanyanyua Vyuma: Kipi Ununue, Kiasi Gani, na Kipi Usikiguse

Makopo dukani ni mengi, lakini yanayostahili fedha ya mnyanyua vyuma ni ya aina tatu tu: unga wa protini, pale chakula kinapopungua, kreatini monohaidreti, na kafeini, ambayo wengi tayari wanayo jikoni. Vilivyobaki vingi havisaidii, au vinasaidia kidogo mno kulinganisha na bei yake. Vingine vinaumiza. Vile vitatu vikitumiwa kwa kipimo havina hatari kubwa kwa mtu mzima mwenye afya. Hatari kubwa iko kwenye kile ambacho kopo halikukiandika, na ndiyo maana mwongozo huu unatumia muda mrefu kwenye kusoma lebo.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Anayeanzia hatua ya nne kabla ya ya pili hulipia kitu ambacho sahani yake ingempa kwa bei ndogo.

Hatua ya 1: Pima mwili kabla ya kununua

Nenda kituo cha afya upimwe presha, kreatinini ya damu (kipimo cha figo), vimeng'enya vya ini (ALT na AST) na sukari. Kabla ya vipimo vya damu pumzika mazoezi mazito kwa siku kadhaa, ikiwezekana wiki nzima. Misuli iliyochoshwa na vyuma humwaga ALT na AST kwenye damu, na mtu mwenye ini zima anaweza kuonekana mgonjwa kwa sababu tu jana alichuchumaa na mzigo mkubwa.

Presha ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, weka kando kila kopo lenye vichangamshi, kama kafeini, mpaka daktari aseme. Wengi wenye presha hawajui kuwa wanayo, kwa hiyo kujisikia vizuri si kipimo. Mwenye ugonjwa wa figo, mwenye figo moja, au mwenye kisukari kilichogusa figo asitumie kreatini wala asipandishe protini bila daktari wake. Wajawazito, wanaonyonyesha na walio chini ya miaka 18 waishie kwenye chakula.

Angalia pia dawa unazomeza. Aminofilini na theofilini, ambazo bado hutumika kwa pumu, zinafanana na kafeini kiutendaji. Zikikutana moyo hudunda vibaya. Siprofloksasini, antibiotiki inayoandikwa sana kwa homa ya matumbo na maambukizi ya mkojo, huchelewesha mwili kuondoa kafeini, na vidonge vya uzazi wa mpango hufanya vivyo hivyo. Ukiwa kwenye dozi ya siprofloksasini, acha kopo la vichangamshi mpaka dozi iishe.

Hatua ya 2: Hesabu protini iliyo tayari sahanini

Kwa anayenyanyua vyuma mara tatu au nne kwa wiki, lengo ni gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Ukiwa unapunguza uzito unaweza kufika gramu 2.2. Zaidi ya hapo misuli haiongezeki. Unabadilisha tu kitoweo kuwa nishati ya bei ghali. Mtu wa kilo 75 anahitaji kama gramu 120.

Siku ya kawaida inaweza kwenda hivi. Asubuhi mayai matatu (gramu 18) na kikombe cha maziwa cha mililita 250 (gramu 8). Mchana ugali, ambao kwa sahani ya mtu anayefanya mazoezi una kama gramu 10, pamoja na kikombe cha maharage yaliyopikwa (gramu 15) na gramu 30 za dagaa wakavu (karibu gramu 18). Alasiri kikombe cha mtindi na konzi ya karanga, jumla gramu 16 hivi. Usiku wali na gramu 100 za kuku aliyeiva bila mfupa, kama gramu 34. Jumla ni 119, bila kopo lolote.

Pima chakula chako kwa siku tatu, moja iwe ya mwisho wa juma, uandike kila kitu. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Wengi hugundua kuwa upungufu hauko mchana wala usiku bali asubuhi: chai na maandazi havifiki gramu 10. Mayai mawili yakiongezwa hapo, pengo linapungua kwa gramu 12.

Gawanya protini kwenye milo mitatu au minne, kila mlo gramu 25 hadi 40. Ule usemi kwamba lazima unywe protini ndani ya nusu saa baada ya mazoezi au kazi yote imepotea hauna msingi. Ukila mlo wa kawaida saa mbili kabla na mwingine saa mbili baada ya mazoezi, misuli imepata inachohitaji.

Hatua ya 3: Linganisha bei kwa gramu ya protini

Usilinganishe bei ya kopo na bei ya trei la mayai. Linganisha bei ya gramu moja ya protini. Kanuni yenyewe: bei ya kopo, gawanya kwa idadi ya vipimo (skupu) vilivyomo, kisha gawanya kwa gramu za protini katika kipimo kimoja.

Tuseme kopo la kilo 2.27 linauzwa shilingi 280,000 za Tanzania, lina vipimo 71, na kila kipimo kina protini gramu 24. Jumla ni gramu 1,704, yaani kama shilingi 164 kwa gramu. Tuseme yai ni shilingi 400. Lina gramu 6, kwa hiyo ni shilingi 67 kwa gramu. Dagaa wakavu wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao; kilo ikiwa shilingi 12,000 na ukaihesabia gramu 550, unalipa kama shilingi 22. Weka bei za soko lako mwenyewe, utaona mpangilio haubadiliki sana, uwe Mwanza, Kisumu au Bukavu.

Unga wa protini basi unauza urahisi. Una maana kwa mtu anayetoka kazini moja kwa moja kwenda jimu, asiye na pa kupikia, au aliyebakiwa na pengo la gramu 25 ambalo chakula kimeshindwa kulijaza. Ni sababu halali. Ila si sababu ya kumnyima mtoto maziwa ili baba anunue kopo.

Hatua ya 4: Ukiamua kununua unga, soma kopo nyuma, si mbele

Unga ulioandikwa Whey umetokana na maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini. Concentrate ndio wa kawaida na wa bei nafuu, nao unabakiwa na sukari ya maziwa, laktosi. Isolate umechujwa zaidi, protini yake hufika asilimia 90, laktosi ni chembe tu. Watu wazima wengi wa Afrika hawasagi laktosi vizuri. Ukinywa ukajaa gesi, tumbo likaunguruma au ukaharisha, tatizo kwa kawaida ni laktosi. Nunua isolate, au unga wa soya au njegere, au ubaki na mayai. Mtindi husumbua kidogo kuliko maziwa kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi.

Sasa geuza kopo. Gawanya gramu za protini kwa gramu za kipimo kizima. Gramu 24 ndani ya kipimo cha gramu 30 ni asilimia 80, nzuri. Gramu 20 ndani ya gramu 40 ni nusu. Nusu nyingine ni sukari na wanga uliolipia bei ya protini. Chini ya asilimia 70, rudisha rafuni.

Kuna ujanja mwingine unaohitaji jicho kali zaidi. Maabara nyingi hazipimi protini moja kwa moja. Hupima nitrojeni kisha huzidisha. Kiwanda kisicho na uaminifu huongeza glisini au taurini, ambazo ni rahisi na zina nitrojeni, na kipimo kinasoma protini nyingi ambayo misuli haiwezi kujengwa nayo. Ukiona Glycine, Taurine au hata Creatine kwenye orodha ya viambato vya unga unaodaiwa kuwa protini tupu, shuku. Kama lebo inataja Leucine (leusini, mojawapo ya vijenzi vya protini), protini gramu 25 za whey halisi huwa na leusini ya gramu 2.5 au zaidi. Ikiwa ni gramu 1.5, umeuziwa mchanganyiko.

Kagua na haya ukiwa bado dukani: karatasi ya kuziba mdomo chini ya kifuniko iwe haijaguswa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho ziwe zimechapwa na kopo lenyewe, zisiwe stika juu ya stika, maandishi yasiwe na makosa ya tahajia, jina la mwagizaji liwepo. Tanzania usajili wa vyakula uko chini ya TBS tangu 2019, TMDA ikibaki na dawa. Kenya ni KEBS kwa bidhaa na Bodi ya Famasia na Sumu kwa dawa. Uganda ni UNBS na NDA. Muuzaji halali hachukii ukimuuliza kibali.

Usinunue unga wa kupimiwa kwa skupu kutoka kopo lililofunguliwa. Hujui nani alitia nini, na kijiko kimepita mikono mingapi.

Kuchanganya: tia kwanza maji baridi au maziwa mililita 250 hadi 300, halafu unga, kisha tikisa. Ukianza na unga, chini kunashika bonge lisiloyeyuka, na maji ya moto hugandisha protini ikawa kama yai la kuchemsha. Ukishachanganya, kunywa. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa chupa iliyoachwa kwenye begi tangu asubuhi ni chakula cha bakteria. Osha chupa papo hapo pamoja na kifuniko na mpira wake, maana harufu ile mbaya hukaa kwenye mpira. Kopo lenyewe liwe mbali na jiko na unyevu, na kijiko kiwe kikavu daima.

Ladha ya chokoleti na unga wa mimea mara nyingi hubeba risasi na kadimiamu zaidi kuliko whey ya vanila, kwa sababu kakao na mimea hufyonza metali hizo kutoka ardhini. Kipimo kimoja kwa siku si cha kutisha. Vipimo vitatu kila siku kwa miaka ni jambo jingine.

Hatua ya 5: Kreatini, kirutubisho chenye ushahidi mzito kuliko vyote

Msuli unaponyanyua mzigo mzito hutumia ATP, nishati ya haraka ya seli, na akiba ya ATP huisha ndani ya sekunde chache. Fosfokreatini, yaani kreatini iliyohifadhiwa msulini, ndiyo inayoijaza upya haraka katika sekunde hizo za mwanzo, hasa kwenye rudio la tatu, la nne, la tano la seti nzito. Mwili hutengeneza kreatini kama gramu 1 kwa siku, na nyama na samaki huongeza kiasi kama hicho. Nusu kilo ya nyama mbichi ya ng'ombe ina takriban gramu 2. Kirutubisho hujaza ghala la msuli hadi juu. Unachopata ni rudio moja au mawili ya ziada, na marudio hayo yakirundikana kwa miezi ndiyo yanayojenga nguvu na misuli. Asiyekula nyama wala samaki huona tofauti kubwa zaidi. Wapo pia wachache wasioona chochote, kwa kuwa ghala lao lilikuwa karibu kujaa.

Nunua kreatini monohaidreti tupu, unga mweupe usio na ladha, kiambato kimoja tu kwenye lebo. Aina nyingine zenye majina makubwa na bei kubwa hazijaishinda.

Kipimo ni gramu 3 hadi 5 kila siku, siku ya mazoezi na siku ya mapumziko. Ghala linajaa baada ya wiki tatu hadi nne. Anayetaka haraka anaweza kutumia gramu 20 kwa siku, zikigawanywa mara nne za gramu 5, kwa siku tano hadi saba, kisha arudi gramu 3 hadi 5. Baadhi ya wanaofuata njia hiyo huharisha, na mwishoni mwa mwezi wote wanafika pale pale, kwa hiyo ushauri wetu ni kuanza polepole. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 3 hadi 5. Mizani ikiwepo, pima mara moja ujue kijiko chako. Kopo la gramu 300 litakutosha siku 60 kwa gramu 5, au 100 kwa gramu 3.

Saa ya kunywa haina uzito, muhimu usiruke siku. Itie kwenye maji ya uvuguvugu au chai iliyopoa kidogo, kwa sababu kwenye maji baridi hubaki kama mchanga chini ya glasi. Usichanganye ya wiki nzima ukaweka kwenye chupa: ikikaa ndani ya maji kwa siku nyingi hugeuka kreatinini isiyo na kazi. Unga ukishika mabonge kwa unyevu wa pwani, ponda utumie. Ukibadilika rangi au harufu, tupa.

Madhara yenyewe ni haya. Uzito hupanda kilo 1 hadi 2 katika wiki za mwanzo. Ni maji ndani ya msuli, si mafuta. Anayeshindana kwa madaraja ya uzito apange mapema. Tumbo husumbuka ukinywa gramu 10 kwa mkupuo. Kreatinini ya damu hupanda kidogo kwa kuwa ndiyo mabaki ya kreatini, na daktari asiyejua unatumia anaweza kudhani figo zimeanza kuharibika. Mwambie. Kama bado kuna shaka, kuna kipimo cha sistatini C kisichoguswa na kreatini. Kwa mtu mwenye figo nzima, tafiti za miaka mingi hazijaonyesha kwamba dozi ya kawaida inaziharibu.

Habari za kunyonyoka nywele zilianzia kwenye utafiti mmoja wa 2009 wa wachezaji raga 20 huko Afrika Kusini, ambao ulipima homoni tu. Hakuna aliyehesabiwa nywele.

Hatua ya 6: Kafeini, na makopo ya kabla ya mazoezi

Kafeini huongeza nguvu na umakini kwa kuziba milango ya ubongo inayopokea ishara ya uchovu. Kipimo kinachofanya kazi ni miligramu 3 kwa kilo, dakika 45 hadi 60 kabla ya kuanza. Mtu wa kilo 75 ni miligramu 225. Anza na 100 uone mwili unasemaje. Kwa mtu mzima mwenye afya usizidi miligramu 400 kwa siku nzima, ukijumlisha chai, kahawa, soda na vinywaji vya kuongeza nguvu.

Kijiko cha chai cha kahawa ya unga ya papo hapo kina takriban miligramu 50 hadi 70. Vijiko viwili kwenye maji ya moto bila sukari tayari ni kinywaji cha kabla ya mazoezi, na bei yake haifanani hata kidogo na ya kopo. Kinywaji cha kuongeza nguvu cha mililita 250 huwa na kama miligramu 80.

Linalosahaulika ni usingizi. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa kama saa tano. Ukinywa miligramu 200 saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku bado una 100 kwenye damu. Utalala, lakini usingizi mwepesi, na msuli hukua ukiwa umelala. Anayefanya mazoezi jioni afanye bila kafeini, au anywe kidogo sana, na dozi kubwa aiweke kwa siku ya kujaribu uzito wa juu kabisa.

Makopo yanayouzwa kwa ajili ya kabla ya mazoezi kwa kawaida ni kafeini pamoja na beta-alanini, sitrulini na rangi. Beta-alanini ndiyo inayowasha uso na masikio. Kuwashwa huko hakuna madhara, wala si dalili kwamba dawa imeshika. Inafanya kazi kwa gramu 3.2 hadi 6.4 kila siku kwa mwezi, na husaidia juhudi za dakika moja hadi nne. Kwa seti ya marudio matano haina la kuongeza. Sitrulini malati gramu 6 hadi 8 inaweza kusaidia rudio moja hivi kwenye seti ndefu, na makopo mengi hutia pungufu ya hapo.

Ukikuta maneno Proprietary Blend, acha. Maana yake ni kwamba umeambiwa vimo nini bila kuambiwa kila kimoja ni kiasi gani, na kafeini ikiwa 150 au 400 huwezi kujua. Usinunue kamwe kafeini tupu ya unga: kijiko kimoja cha chai kina zaidi ya miligramu 3,000, na watu wamekufa kwa kukosea kipimo. Tabia ya kutia unga wa kopo mdomoni bila maji iachwe. Unapaliwa, na dozi yote inaingia kwa mpigo.

Miraa, au mirungi, ni kichangamshi kamili. Aliyetafuna mchana asiongeze kopo jioni. Presha na mapigo hupanda kwa pamoja wakati mwili uko chini ya mzigo na pumzi imebanwa, na hapo ndipo mishipa na moyo huwa hatarini zaidi.

Hatua ya 7: Vitu vya kuacha

BCAA ni sehemu ya protini ambayo tayari unakula. Aliyefikisha gramu zake 120 ananunua maji yenye ladha. Glutamini vivyo hivyo. Tribulasi, dondoo ya mmea, haipandishi testosteroni kwa mtu mwenye afya.

Makopo ya kunenepesha huwa na sukari ya wanga kwa wingi. Tengeneza lako: maziwa mililita 400, ndizi mbivu mbili, siagi ya karanga vijiko viwili vya mezani, na unga wa shayiri gramu 50, saga kwa blenda. Unapata karibu kalori 800 na protini gramu 28.

Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mitaani katika miji ya Afrika Mashariki na Kongo ni hatari ya aina nyingine kabisa. Vingi ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi, pamoja na deksamethasoni. Deksamethasoni huvimbisha uso kwa maji na mafuta, hupandisha sukari na presha, na hula misuli ile ile unayoijenga. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiikatishe ghafla, aende hospitali apunguziwe, kwa sababu tezi za juu ya figo huwa zimelala na mtu anaweza kuzimia.

Vya kuyeyusha mafuta navyo viogope. Mwaka 2013 huko Hawaii watu kadhaa waliugua ini kwa ghafla, na wachunguzi wakawahusisha wengi wao na kirutubisho cha OxyElite Pro kilichokuwa kikiuzwa wazi madukani. Baadhi walihitaji kupandikizwa ini, na kuna aliyefariki. Dondoo ya chai ya kijani yenye EGCG (kemikali ya chai hiyo) ya miligramu 800 au zaidi kwa siku huweza kudhuru ini, ingawa chai yenyewe ya kikombe haina tatizo. Yohimbini hupandisha presha. DNP ni sumu ya viwandani inayopandisha joto la mwili mpaka mtu afe, na hakuna dawa ya kuizuia ikishaingia.

Hatua ya 8: Kile kisichoandikwa

Kati ya 2000 na 2001 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 kutoka nchi 13 kwa kazi iliyofadhiliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Virutubisho 94, karibu 15 katika kila 100, vilikuwa na homoni ambazo lebo haikuzitaja. Kuandikwa Made in USA si kinga: sheria ya Marekani ya 1994 haitaki kirutubisho kithibitishwe kabla ya kuingia sokoni.

Jifunze majina haya uyakatae ukiyaona: DMAA (pia 1,3-dimethylamylamine), Ephedra, na zile ziitwazo SARM, yaani Ostarine, Ligandrol au LGD-4033, na RAD-140. SARM huuzwa kama mbadala salama wa steroidi, lakini si kirutubisho wala si dawa iliyoidhinishwa kujenga misuli. Zimeshaumiza maini, na huzima testosteroni ya mwili.

Steroidi zenyewe, kama methandienoni na stanozololi, zinajenga misuli kweli, na ndiyo sababu zinashawishi. Lakini ubongo ukiona homoni imejaa huacha kuamuru korodani zifanye kazi. Zinasinyaa, mbegu zinapungua au kuisha, na kurudi huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kijana anayetafuta familia ajue hilo kabla ya sindano ya kwanza. Matiti huota, kolesteroli nzuri hushuka, ukuta wa moyo hunenepa. Vidonge hulipiga ini. Kwa mwanamke sauti ikizama hairudi. Sindano ikishirikiwa jimu huleta virusi vya Ukimwi na homa ya ini B. Mtu anayekuuzia bila jina la kiambato, kwa maneno tu kwamba inafanya kazi haraka, anakuuzia mojawapo ya hizi.

Kwa anayeshindana kuna jambo la ziada. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, za dawa za kusisimua misuli zinamhukumu mchezaji kwa kilichokutwa kwenye mkojo wake, awe alijua au hakujua. Kreatini, protini na kafeini zinaruhusiwa. Kathinoni iliyomo kwenye miraa hairuhusiwi siku ya mashindano. Nunua kopo lenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, wanaopima dawa zilizokatazwa, kisha utafute namba ya toleo lako kwenye tovuti yao, kwa sababu alama peke yake huweza kughushiwa. Piga picha ya kopo, tunza risiti, na bakiza kijiko kimoja cha kila toleo kwenye mfuko uliofungwa. Kenya waulize ADAK, wakala wa kupambana na dawa hizo michezoni, kabla ya kutumia, wala usingoje barua ya kukuambia umekutwa nazo.

Hatua ya 9: Anza kimoja kimoja

Wiki mbili za kwanza rekebisha chakula na usingizi tu, ukiandika uzito wako na mizigo unayonyanyua. Kisha ongeza kreatini kwa wiki nne bila kubadilisha kingine. Kafeini ifuate. Ukianza vyote siku moja na tumbo likavurugika au mapigo yakapanda, hutajua mkosaji, na ukipata nguvu hutajua uendelee kulipia kipi.

Mwezi wa Ramadhani kreatini inywe na futari, pamoja na maji mengi kati ya futari na daku. Gramu 120 zigawe futari, chakula cha usiku na daku. Daku iwe na mayai au maharage na mtindi, kwa sababu vinakaa tumboni muda mrefu. Punguza kafeini wiki moja kabla mwezi haujaanza, vinginevyo siku tatu za mwanzo kichwa kitakugonga tu. Mazoezi mazito yafanyike saa moja au mbili baada ya kufuturu.

Dalili za kuacha papo hapo

Maumivu au kubanwa kifua, mapigo yasiyo na mpangilio, kuzimia, au kichwa kuuma ghafla vibaya wakati wa kunyanyua: hospitali sasa hivi, usingoje kumaliza seti. Macho au ngozi kuwa ya manjano, kichefuchefu kisichoisha na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu ni ini. Mkojo wa rangi ya kokakola pamoja na misuli iliyovimba na kuuma kupita kawaida ni misuli inayovunjika na kuziba figo, na kila saa inayopita ina gharama.

Nenda na kopo lenyewe, si picha yake tu. Mtajie daktari kila ulichotumia, pamoja na kile unachokionea aibu, kiasi chake na siku uliyoanza. Bila majina hayo daktari hajui atafute nini kwenye damu yako.